Straika Kijana "Ameuzwa" Ulaya: Kilichouzwa Ni Nini, na Nani Analipwa?

Dirisha la usajili likifunguliwa, vijiwe vya kahawa hujaa hesabu zisizolingana. Straika wa miaka 19 ameuzwa kwa mamilioni, na mtaani watu wanashangaa mbona kwao bado ni palepale. Mwingine katolewa kwa mkopo, mashabiki wanalia kwamba klabu imemtupa. Wa tatu ameondoka bure baada ya mkataba kwisha, na miezi michache baadaye inasikika kwamba kituo kilichomlea kinadai fedha. Bure gani tena yenye deni?

Mambo haya yanachanganya kwa sababu neno moja, "kuuzwa", limebebeshwa mizigo mingi. Tuanze kwa kuipakua, kisha twende kwenye lile ambalo kwa straika kijana ni zito kuliko dau lenyewe: dakika anazocheza kati ya miaka 17 na 23.

Chukua mfano wa fremu ya duka Kariakoo. Mpangaji ana mkataba wa miaka mitatu, ametumia mwaka mmoja. Wewe unaitaka fremu hiyo leo. Humnunui mpangaji, wala hununui jengo. Unampa mpangaji kilemba ili akuachie muda uliobaki, halafu unaandikiana mkataba wako mwenyewe na mwenye jengo. Ada ya uhamisho ni kilemba hicho. Klabu mpya inailipa klabu ya zamani ili ikubali kuuvunja mkataba kabla ya tarehe yake. Mwenye jengo katika mfano huu ni mchezaji mwenyewe. Yeye hubaki na miguu yake, na klabu mpya lazima ikae naye upya kukubaliana mshahara, muda na marupurupu. Asipokubali, hakuna uhamisho, hata kama klabu mbili zimeshapeana mikono.

Ukishika mfano huo, mengi yanajieleza. Kilemba hupanda muda uliobaki ukiwa mrefu na hushuka ukiwa mfupi. Ndiyo maana klabu hukimbilia kumwongezea mkataba kijana aliyefunga mabao matano mfululizo. Inalinda bei yake. Mkataba ukiisha, kilemba hakipo, na huyo ndiye mchezaji huru. Kanuni za FIFA zinamruhusu mchezaji kusaini makubaliano na klabu nyingine mkataba wake unapobakiza miezi sita au pungufu, ingawa ataendelea kuichezea klabu ya zamani hadi siku ya mwisho. Kanuni hizohizo zinaweka kikomo cha mkataba: miaka mitano kwa kawaida, na mitatu tu kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18. Kijana wa miaka 16 aliyesainishwa miaka mitano, ile miwili ya juu haitambuliwi na FIFA.

Fedha zinazotajwa kwenye habari za usajili ni za aina tatu, na kila moja ina mfuko wake. Ada ya uhamisho huenda kwa klabu iliyomwachia. Fedha ya usajili, ile ya kusainia, huenda kwa mchezaji, mara nyingi kwa awamu. Mshahara ni wake pia, ila unakuja kidogokidogo na unakatwa kodi. Ukisikia "straika wetu kaenda kwa dola laki tatu", hiyo laki tatu karibu yote ni ya klabu, isipokuwa pawe na kipengele kinachompa kijana asilimia fulani. Familia nyingi husoma gazeti na kudhani mtoto wao anaficha.

Waliomlea wanalipwaje

Hapa ndipo penye mkanganyiko mkubwa, kwa sababu kuna mafungu mawili ambayo watu huyachanganya, ingawa kazi zake ni tofauti kabisa. La kwanza ni fidia ya mafunzo. La pili ni mgawo wa mshikamano.

Fidia ya mafunzo ni kurudisha gharama za malezi. Hudaiwa mara ya kwanza mchezaji anaposajiliwa kama mchezaji wa kulipwa, na tena kila anapohama kutoka nchi moja kwenda nyingine, hadi mwisho wa mwaka anaotimiza miaka 23. Miaka inayohesabiwa ni ile aliyofundishwa tangu mwaka wa kutimiza 12 hadi mwaka wa kutimiza 21. Haijali kama kuna ada ya uhamisho au hakuna. Kwa hiyo kijana wa miaka 20 anaweza kuwa mchezaji huru kabisa na bado klabu mpya ya nje ikadaiwa. Hilo ndilo jibu la "bure yenye deni".

Kiasi chake hakitokani na mapatano. Kila shirikisho hupanga klabu zake katika madaraja, na kila bara lina viwango vyake kwa mwaka mmoja wa malezi. Ulaya ni euro 90,000 kwa daraja la kwanza, 60,000 la pili, 30,000 la tatu na 10,000 la nne. Kinachoangaliwa ni daraja la klabu inayompokea, yaani ingeigharimu kiasi gani kama ingemlea yenyewe. Ila kwa miaka minne ya mwanzo, 12 hadi 15, hutumika kiwango cha daraja la nne hata kama klabu ni kubwa.

Tufanye hesabu. Kijana amelelewa miaka 12 hadi 15 kwenye kituo cha Temeke kilichosajiliwa, kisha miaka 16 hadi 18 kwenye timu ya vijana ya klabu nyingine, wakati wote akiwa wa ridhaa, yaani bila mkataba wa kulipwa. Akiwa na miaka 18 anasaini mkataba wake wa kwanza wa kulipwa na klabu ya Ulaya ya daraja la tatu. Kituo cha Temeke kinastahili 4 mara 10,000, yaani euro 40,000. Timu ya pili inastahili 3 mara 30,000, yaani euro 90,000. Malipo hayo yanatakiwa hata kama kijana alikwenda na begi lake tu, bila ada ya uhamisho ya hata senti.

Badilisha jambo moja katika hadithi hiyo uone kinachotokea. Kijana yuleyule, badala ya kusaini Ulaya moja kwa moja, anasaini mkataba wa kwanza wa kulipwa na klabu ya Ligi Kuu hapa nyumbani, anacheza mwaka mmoja, kisha anakwenda nje. Sasa uhamisho wa nje si usajili wake wa kwanza wa kulipwa. Anayedai fidia ya mafunzo ni klabu ya mwisho tu, tena kwa muda aliokaa kwake. Kituo cha Temeke kimetoka kwenye mlango huo, na madai yake ya malezi dhidi ya klabu ya nyumbani yanafuata kanuni za ndani za shirikisho, si viwango vya Ulaya. Viongozi wa vituo vya vijana wanaolalamika kwamba wamedhulumiwa mara nyingi hawajadhulumiwa na mtu. Njia aliyopita kijana ndiyo iliyowapunguzia fungu, na hakuna aliyewaeleza mapema.

Mgawo wa mshikamano hauna ukatili huo. Ni kama aliyepanda mnazi kupewa nazi kila zinapoangushwa, hata shamba likishauzwa mara tatu. Kila mchezaji anapohamishwa kimataifa kwa ada kabla mkataba wake haujaisha, asilimia 5 ya ada hiyo hukatwa na kugawiwa klabu zote zilizomlea kuanzia miaka 12 hadi 23. Miaka minne ya mwanzo, 12 hadi 15, kila mmoja hubeba asilimia 0.25 ya ada. Miaka minane iliyobaki, 16 hadi 23, kila mmoja hubeba asilimia 0.5. Jumla inatimia 5. Kwenye ada ya euro 1,000,000, aliyemlea mwaka mmoja akiwa na miaka 13 anapata 2,500, na aliyemlea mwaka mmoja akiwa na miaka 19 anapata 5,000. Fedha hizi zinakatwa ndani ya ada, haziongezwi juu yake. Na hazina ukomo wa umri wa kuhama: mchezaji akihamishwa kwa ada akiwa na miaka 31, mlezi wake wa miaka 12 bado ana chake.

Mfano wa straika Mtanzania Mbwana Samatta unaonyesha vizuri jinsi miaka inavyogawanyika. Alizaliwa Desemba 1992, akakulia Mbagala na kuichezea Mbagala Market, timu iliyokuja kuitwa African Lyon. Mwaka 2010 akaenda Simba, 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, Januari 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na Januari 2020 Aston Villa ya Birmingham, England, ikalipa ada kumpata. Miaka yake ya malezi iliisha karibu na siku alipotua Genk. Kwa kanuni, basi, karibu asilimia 5 yote ya ada ya Villa ilihusu muda aliokaa Dar es Salaam na Lubumbashi, na fungu nono zaidi ni la Mazembe, kwa sababu ilimshika kuanzia miaka 18 hadi 23, kipindi ambacho kila mwaka hubeba 0.5.

Tangu Novemba 2022 malipo haya hupitia chombo maalumu cha FIFA chenye makao Paris. Zamani klabu ndogo ilibidi isikie kwenye habari kwamba mchezaji wake wa zamani ameuzwa, ikatafute mwanasheria, ikaandike madai. Sasa usajili wa kimataifa huamsha mfumo wenyewe, na mfumo hutengeneza pasi ya kielektroniki ya mchezaji inayoonyesha alisajiliwa wapi, tangu tarehe ipi hadi ipi. Mashirikisho na klabu husika hupewa angalau siku 10 za kuikagua na kuomba marekebisho.

Jambo moja ndilo huangusha vituo vingi vya mitaani: mfumo husoma usajili, hausomi kumbukumbu za watu. Kocha anaweza kumfundisha mtoto miaka sita, akamnunulia viatu, akamlipia nauli ya daladala, mtaa mzima ukashuhudia. Kama kituo hakikuwa mwanachama wa chama cha soka cha wilaya au mkoa, na mtoto hakuandikwa kwenye usajili wa shirikisho, miaka hiyo sita ni nafasi tupu kwenye pasi. Tatizo la pili ni majina. Cheti cha kuzaliwa cha RITA kinasema hivi, usajili wa timu unasema vile, pasipoti ya kusafiria imeongeza jina la babu. Kila tofauti ni mlango wa mabishano. La tatu ni akaunti ya benki iliyo kwa jina la mwanzilishi badala ya jina la klabu. Chombo cha Paris huichunguza klabu kabla ya kuilipa, na hapo ndipo fedha hukwama.

Nguvu ya makaratasi Simba yenyewe iliwahi kuionyesha. Mwaka 2011 ilitolewa uwanjani na Mazembe kwenye Ligi ya Mabingwa Afrika, ikalalamikia uhalali wa usajili wa mchezaji Janvier Besala Bokungu, na CAF, shirikisho la soka la Afrika, ikaiondoa Mazembe, iliyokuwa bingwa mtetezi. Simba ikapewa mechi ya mchujo dhidi ya Wydad Casablanca, ikafungwa 3-0. Bingwa wa Afrika wa miaka miwili mfululizo alitoka kwa sababu ya karatasi za mchezaji mmoja.

Kwa nini haendi akiwa na miaka 16

Kijana akifunga mabao kwenye mashindano ya chini ya miaka 17, swali la kwanza la mashabiki ni kwa nini klabu za Ulaya hazimchukui papo hapo. Jibu ni kwamba haziruhusiwi. Uhamisho wa kimataifa wa mchezaji umekatazwa hadi atimize miaka 18. Milango ya pembeni ni michache: wazazi wamehamia nchi hiyo kwa sababu zisizohusu soka, mchezaji anaishi karibu kabisa na mpaka, ni mkimbizi, au ana miaka 16 hadi 18 na anahama ndani ya Umoja wa Ulaya na eneo lake la kiuchumi. Mtoto wa Morogoro haingii kwenye mlango huo wa mwisho. Wazazi kutafutiwa kazi ya bandia ili mtoto asajiliwe ni udanganyifu, na FIFA huadhibu hata klabu kubwa sana. Mwaka 2014 Barcelona ilifungiwa kusajili kwa sababu ya kuvunja kanuni za watoto.

Kelvin John ndiye mfano wa karibu. Alizaliwa Juni 2003, akawa tegemeo la Serengeti Boys, timu ya taifa ya vijana ya Tanzania, kwenye fainali za Afrika za chini ya miaka 17 zilizochezwa Dar es Salaam Aprili 2019. Watu walimpa jina la Mbappe na walitaka aondoke wiki ileile. Akaenda England kama mwanafunzi, kwenye chuo chenye programu ya soka huko Leicestershire. Klabu ya kumsajili ilisubiri. Juni 2021, mwezi aliotimiza miaka 18, ndipo Genk ilipotangaza kumsajili. Ile miaka miwili ambayo mitandao iliiita ya kupotea ilikuwa ya kungoja tarehe. Baadaye alicheza timu ya vijana ya Genk kwenye daraja la pili la Ubelgiji, na mwaka 2024 akaenda AaB ya Denmark kutafuta dakika za timu ya wakubwa.

Kupunguza umri ili mtoto aonekane wa ajabu kunaharibu hesabu hizi zote. Tangu 2009 mashindano ya dunia ya chini ya miaka 17 hutumia picha za MRI za kifundo cha mkono, kuona kama mfupa umeshaungana kabisa. Ukishaungana kabisa, mchezaji huchukuliwa kuwa amevuka umri. Na hata akipita, miaka ya malezi kwenye pasi haitalingana na shule aliyosoma. Halafu kuna ukweli wa mwili: anayedai 19 akiwa na 23 atauzwa kama mchezaji atakayeendelea kukua, na hatakua.

Dakika

Sasa lile lililo zito kuliko dau. Kiungo anaweza kujifunza mengi mazoezini, kipa pia. Straika ni kazi ya kufanya uamuzi ndani ya nusu sekunde, ukiwa na beki mgongoni anayetaka kukuumiza, mbele ya mashabiki wanaokuzomea kwa nafasi uliyokosa dakika kumi zilizopita. Mazoezi hayana hayo. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha maendeleo ya straika kijana ni dakika za mashindano, kabla hata ya mabao.

Ligi Kuu Tanzania Bara yenye timu 16 ina mechi 30, sawa na dakika 2,700. Straika anayeingizwa dakika ya 75 kwenye mechi 20 amecheza dakika 300, yaani mechi tatu na kidogo. Kwenye karatasi anaonekana ana "mechi 20, mabao 3", na mashabiki wanamwita garasa. Kwa kweli anafunga bao kila dakika 100. Mwenzake mwenye mabao 10 ndani ya dakika 2,500 anafunga kila dakika 250. Hii haimaanishi wa kwanza ni bora. Dakika 300 ni chache mno kuamua lolote, na anayeingia mabeki wakiwa wamechoka ana unafuu. Inamaanisha tu kwamba idadi ya mechi ni kipimo kibovu. Gawanya dakika kwa mabao, kisha uulize dakika zenyewe ni ngapi. Chini ya dakika 900, nisingetoa hukumu juu ya kijana yeyote.

Ondoa penalti pia. Takribani penalti tatu kati ya nne huingia, kwa hiyo straika mwenye mabao 12 yenye penalti 6 ni mchezaji tofauti na mwenye 12 za mchezo wa wazi. Skauti mzuri, yaani msaka vipaji wa klabu, anakwenda mbali zaidi. Anahesabu mara ngapi kijana amepiga akiwa ndani ya eneo la hatari, kwa miguu yote miwili na kichwa, na nafasi hizo zilikuwa rahisi kiasi gani. Wataalamu wa takwimu hupa kila nafasi thamani kati ya 0 na 1. Penalti iko kati ya 0.75 na 0.8, shuti la mita 25 ni sehemu ndogo sana ya moja. Ukijumlisha nafasi zake za msimu ukapata 9 naye kafunga 15, kuna uwezekano mkubwa msimu ujao atashuka, na klabu iliyomnunua kwa bei ya 15 italia. Akiwa na nafasi za thamani ya 9 na mabao 5, usimwache haraka. Kufika kwenye nafasi ni ujuzi unaodumu, ilhali kumalizia hupanda na kushuka kwa majuma.

Kutokana na hilo, swali la "aende wapi" linageuka. Klabu yenye jina kubwa na washambuliaji wanne mbele yake ni hasara kwa straika wa miaka 19, hata mshahara ukiwa mara tatu. Angalia hatua za Samatta. Mazembe mwaka 2011 ilikuwa imetwaa Ligi ya Mabingwa Afrika 2009 na 2010, na Desemba 2010 ilicheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu dhidi ya Inter ya Italia. Kwenda Lubumbashi kulikuwa kupanda ngazi, tena kwenye mji wenye Kiswahili chake, ambako kijana wa Mbagala hakuanza kwa kutafuta namna ya kuomba maji. Huko alikaa miaka minne na nusu, akicheza mashindano ya Afrika msimu baada ya msimu. Mwaka 2015 alifunga mabao 7 kwenye Ligi ya Mabingwa, yakiwemo ya fainali dhidi ya USM Alger, Mazembe ikachukua kombe, na Januari 2016 akatangazwa mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara. Ulaya aliifikia akiwa na miaka 23. Genk haikumtoa kwenye kombe la dunia la vijana wala kwenye video ya dakika tatu. Ilimchukua mshambuliaji aliyezoea mechi za mtoano, na msimu wa 2018/19 alifunga mabao 23 ya ligi Genk ikawa bingwa.

Wanaosema aliyefika miaka 20 bila Ulaya amechelewa wajibu mfano huo, na wa Michael Olunga. Mkenya huyu alipita Thika United na Tusker kabla ya Gor Mahia, akafunga mabao 19 mwaka 2015 Gor ikitwaa ligi bila kupoteza mechi, kisha akaenda Djurgården ya Sweden. Baadaye akiwa Girona ya Hispania kwa mkopo alifunga mabao matatu katika mechi moja ya La Liga, ligi kuu ya huko, dhidi ya Las Palmas, Januari 2018, na bado hakupata nafasi ya kudumu. Alikwenda Japani, Kashiwa Reysol, ambako alipangwa kila wiki. Mwaka 2020 alifunga mabao 28 ya ligi na kuchaguliwa mchezaji bora wa ligi hiyo. Miguu ilikuwa ileile. Kilichobadilika ni dakika.

Mkopo, na mambo yanayoharibika

Mkopo ni kama daladala kumpa mtu mwingine aiendeshe msimu mmoja: kadi ya gari inabaki kwa mwenyewe. Mkataba wa mchezaji na klabu mama haufi, unalala tu kwa muda, na klabu ya mkopo hulipa mshahara wote au sehemu. Kwa straika wa miaka 19 hadi 21 mara nyingi ni habari njema, mradi kocha wa huko anamhitaji kweli. Kanuni za kimataifa tangu Julai 2022 zimebana matumizi mabaya: mkopo mmoja hauzidi mwaka, klabu iliyokopa haiwezi kumkopesha tena kwa mwingine, na klabu moja sasa hairuhusiwi kuwa na zaidi ya wachezaji 6 iliowakopesha nje ya nchi kwa wakati mmoja. Waliolelewa na klabu hiyo na wenye miaka 21 au chini hawahesabiwi.

Kuna mikopo ya aina mbili ambayo habari huichanganya. Mkopo wenye hiari ya kununua unaiachia klabu ya mkopo iamue. Mkopo wenye sharti la kununua ni mauzo yaliyoahirishwa. Samatta alipotoka Villa Septemba 2020 kwenda Fenerbahçe ya Uturuki, baada ya Villa kumsajili mshambuliaji Ollie Watkins mwezi huohuo, ulikuwa wa aina ya pili: mkopo uliokwishakubaliwa kugeuka kuwa uhamisho kamili. Waliosubiri arudi Birmingham walikuwa wanasubiri basi lililokwishaondoka.

Kabla ya kumpeleka kijana kwa mkopo, mshauri wake aulize mambo matatu kwa maandishi: washambuliaji wangapi wamesajiliwa nafasi ileile, timu hucheza na mshambuliaji mmoja au wawili, na kama klabu mama inaweza kumrudisha Januari. Hilo la tatu ndilo husahaulika, na kijana hukaa benchi mwaka mzima.

Kuhusu wakala, siku hizi lazima awe na leseni ya FIFA iliyopatikana kwa mtihani, na jina lake linaweza kukaguliwa kwenye orodha ya FIFA yenyewe. Mkataba wa uwakilishi na mchezaji hauzidi miaka miwili. Mchezaji akiwa mtoto, mzazi au mlezi lazima aridhie kwa maandishi. Anayeomba fedha za majaribio, viza na tiketi kabla hujaona barua iliyothibitishwa na klabu kupitia shirikisho, mpe muda, usimpe fedha. Na mfadhili aliyemlisha kijana tangu utotoni hawezi kumiliki asilimia ya ada yake ya uhamisho. Umiliki huo wa watu wa nje ulipigwa marufuku Mei 2015, na karatasi aliyoandikiwa na familia haina nguvu mbele ya FIFA.

Neno "amefeli vipimo" nalo lina mipaka. Mkataba uliokwishasainiwa hauwezi kuwekewa sharti la vipimo vya afya au kibali cha kazi. Klabu inatakiwa imalize vipimo kwanza, ndipo isaini. Kijana aliyesaini Jumatatu na kuambiwa Alhamisi kwamba goti halifai, ana mkataba.

Mshahara usipolipwa, kuondoka kambini kwa hasira ndilo kosa la kwanza, kwa sababu kunaigeuza klabu kuwa mdai. Utaratibu ni huu: mishahara ya angalau miezi miwili iwe haijalipwa kinyume cha mkataba, mchezaji aandike barua ya kudai akitoa siku zisizopungua 15, na zikipita bila malipo ana sababu halali ya kuvunja mkataba na kudai fidia. Benchi ni kesi ngumu zaidi. Mchezaji aliyekwishakomaa aliyecheza chini ya asilimia 10 ya mechi rasmi za msimu anaweza kudai sababu ya kimichezo ya kuondoka, ndani ya siku 15 baada ya mechi ya mwisho, lakini kijana aliye bado kwenye malezi ni vigumu kuhesabiwa amekomaa. Madai ya kimataifa yapelekwe FIFA kabla ya miaka miwili kupita tangu tukio. Nakala ya mkataba iliyosainiwa, taarifa za benki za kila mwezi na barua ya siku 15 yenye uthibitisho wa kupokelewa ndivyo vitu vitakavyoombwa kwanza. Mchezaji asiye na nakala ya mkataba wake mwenyewe, na wapo wengi, aanze kwa kuiomba kwa maandishi leo.